Mzee Hakimbilii Damu

Mshale umeingia. Swala pala ameruka, ametua, ametokomea na kundi lake nyuma ya migunga, na kilichobaki ni vumbi na mlio wa kwato unaofifia. Kijana tayari ameinua mguu. Mzee anaketi. Anatoa kiko chake cha jiwe, anaomba moto, na kwa muda mrefu hautazami hata upande alikokimbilia mnyama.

Ukitaka kujua wawindaji wazee wana nini ambacho vijana hawana, anzia hapo. Shabaha kijana anayo. Macho na mapafu anayo kumshinda mzee. Alichopungukiwa ni hiyo nusu saa ya kukaa kitako huku moyo unataka kukimbia. Mnyama aliyechomwa mshale na asiyefukuzwa hutafuta kivuli cha karibu, husimama, halafu hulala. Sumu humkuta hapo, au damu humwishia hapo. Aliyefukuzwa huendeshwa na hofu. Atakwenda kilomita nyingi, ataingia korongo ambalo hukulijua, na asubuhi utakuta fisi wamekutangulia. Mawindo mengi yanayopotea hupotea baada ya mshale kulenga sawasawa, na sababu ni haraka ya mwenye upinde.

Naandika kuhusu Wahadzabe, watu wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania: bonde la Yaeda upande wa Mbulu, Mangola upande wa Karatu, na vilima vya kati. Wote hawazidi sana elfu moja, na wanaoishi kwa kutegemea zaidi windo, asali, mizizi na matunda ya porini ni mia chache tu. Lugha yao ina sauti za vidoko vya ulimi na haina ndugu anayejulikana. Hawana chifu. Mzee kwao hawezi kumwamuru kijana, na kijana asiyependa maneno ya mzee huhamia kambi nyingine. Kwa hiyo tusidhani kuna darasa ambalo wazee husimama mbele na kuhutubia. Anayetaka elimu ya mzee huifuata mwenyewe, na huipata kwa kukaa karibu naye.

Watafiti walipokusanya kumbukumbu takriban 23,000 za safari za uwindaji, kutoka kwa wawindaji zaidi ya 1,800 katika sehemu 40 duniani, waliona ustadi hufika kileleni mtu akiwa na miaka 30 hadi 35, kisha hushuka taratibu. Nguvu za mwili hufika kileleni mapema kuliko hapo. Ile miaka ya katikati, ambayo misuli haiongezeki tena lakini nyama inaongezeka, ndiyo miaka ya akili kukomaa. Na mzee wa miaka 60 ambaye mkono wake hauvuti tena upinde wake wa zamani bado ameibeba ile akili yote.

Upinde wenyewe si kitu cha mchezo. Unakaribia kimo cha mwenye nao au unamzidi, na kuuvuta mpaka mwisho ni sawa na kuinua kilo 30 au zaidi. Upote wake, yaani kamba yake, ni wa kano za mnyama, zilizokaushwa na kusokotwa. Kano zikilowa hulegea, na upote uliolegea huutupa mshale chini ya shabaha. Ndiyo maana mvua ikianza, mzee hufikiria upote wake kabla ya kichwa chake. Kijana hukutana na jambo hilo mshale wa kwanza unapopita chini ya tumbo la mnyama, kisha hujilaumu kwa kulenga vibaya.

Kazi ya mishale ndiyo barza ya wazee. Wanaume wa kambi huwa na mahali pao pa kukaa, kivulini au juu ya mwamba, na hapo muda mwingi hupita wakichonga na kunyoosha. Uti hukatwa mbichi kwenye kijiti chembamba, mara nyingi mkole, hubanduliwa gome na kuachwa ukauke. Kisha hupitishwa juu ya moto, ukipata joto huumwa kwa meno mahali ulipopinda, hushikiliwa hivyo mpaka upoe, halafu hutazamwa kwa jicho moja kutoka nyuma. Ukitiwa moto kupita kiasi hukauka mno na hupasuka siku ya kutumika. Ukiwa mbichi bado, utarudi kupinda baada ya siku mbili. Hakuna kipimo cha kuandika hapa. Mzee huugusa kwa kidole gumba na kujua, na kijana naye atajua baada ya kuharibu miti ya kutosha.

Nyuma ya uti hufungwa manyoya, aghalabu ya kanga au tai, kwa uzi wa kano. Mwanafunzi huchukua nyoya lolote zuri. Ajabu ni kwamba manyoya ya bawa la kulia na la kushoto hayapindi upande mmoja. Ukiyachanganya kwenye mshale mmoja, kila nyoya linavuta kwake, na mshale unayumba. Mshale ukikuhangaisha bila sababu, angalia manyoya kwanza.

Kuna mishale ya aina tatu, na kuchagua ni nusu ya hekima. Ule wa mti mtupu uliochongwa ncha ni wa ndege, pimbi na wanyama wadogo. Ule wa chembe, yaani ncha, cha chuma bila sumu ni wa wanyama wa wastani. Wa sumu ni wa wakubwa: pundamilia, tandala, twiga. Chuma hupatikana kwa kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga, au ni msumari uliopondwa juu ya jiwe mpaka ukawa bapa. Sumu hutoka kwenye utomvu wa mwanja, ule mti mfupi mnene wa maua mekundu, au kwenye mbegu za mmea mwingine ambao wao huuita shanjo. Namna ya kuipika siiandiki. Hiyo hufundishwa mkono kwa mkono, na ikiingia kwenye mkwaruzo wa mtu hairudi nyuma, kwa kuwa inashambulia moyo. Lakini utunzaji wake ni somo la kila siku: chembe chenye sumu hufungwa ukanda wa ngozi, ili sumu isikauke na kubanduka, na ili mtu akijikwaa asijichome. Anayetembea na chembe wazi hakupata mwalimu.

Tuache silaha. Kinachomtofautisha mzee hasa ni jinsi anavyokwenda.

Mwanamume wa Kihadzabe hutembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, mara nyingi peke yake, na mishale yake mkononi pamoja na upinde. Anayewinda wanyama wakubwa hurudi mikono mitupu karibu siku 97 kati ya 100. Soma tena hesabu hiyo, kwa sababu inaeleza tabia nyingi za wazee. Mtu anayeshindwa mara nyingi kiasi hicho hawezi kutegemea bahati ya mnyama mmoja. Njiani anakusanya habari: mti gani umeanza kuchanua, kisima gani kimebakiwa na maji, nyayo za jana za nani zimepita wapi. Kijana huita siku hiyo siku ya bure. Mzee hukumbuka kwamba pundamilia walipita kusini ya kilima wakati nusu ya mwezi, na wiki ijayo atakuwa huko kabla yao.

Upepo kwanza. Chukua majivu au vumbi laini, liachie kati ya vidole, tazama linaelekea wapi. Fanya hivyo mara nyingi, hata ukidhani unajua, kwa sababu kwenye vilima upepo hubadilika na saa. Asubuhi na mapema hewa baridi huteremka bondeni, na jua likipanda hewa ya moto hupanda mlima. Aliye juu asubuhi basi anapeleka harufu yake kwa wanyama walio chini. Katikati ya mchana, upepo unapozunguka bila mpango, wazee hupumzika. Si uvivu. Kumnyatia swala saa hiyo ni kumfundisha kukuogopa, na kesho atakuwa mgumu zaidi.

Nyayo zinahitaji jua la pembeni. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, kila unyayo una kivuli chake. Jiweke mahali ambapo unyayo uko kati yako na jua, na mtaro mdogo ambao mwenzako haoni utakuonekania mweusi. Saa sita alama hiyohiyo inapotea machoni ingawa haijafutika.

Umri wa unyayo husomwa kwa mambo yaliyotokea juu yake. Kingo kali, chembe za udongo bado zimesimama: ni mpya. Kingo zimeporomoka kwa upepo: umechelewa. Kuna vitobo vya matone ya umande ndani yake, basi mnyama alipita kabla ya umande kuanguka. Alama zake zimekanyaga juu ya vitobo hivyo, alipita alfajiri. Njia ya mdudu imekatiza unyayo, na wewe unajua mdudu huyo hutembea usiku tu: jibu unalo. Vinyesi huvunjwa, kwa sababu juu hukauka upesi na ndani hubaki na unyevu.

Mwendo nao umeandikwa pale. Swala anayetembea kwa raha huweka mguu wa nyuma juu au karibu sana na alama ya mguu wa mbele. Akikimbia, ncha za kwato hupanuka na udongo hutupwa nyuma. Pundamilia ana kwato moja ya duara, hutamchanganya. Lakini dalili ambayo wazee huitafuta kuliko zote baada ya mshale ni hii: nyayo moja inayojitenga na kundi. Kijana hufuata kundi kwa sababu alama zao ni nyingi na rahisi. Mnyama mgonjwa hawezi mwendo wa wenzake, atapinda kando kimyakimya kuelekea kivuli au maji au mteremko, na mahali anapopinda pana alama chache tu juu ya mawe. Ukiipita njia panda hiyo, umemaliza siku yako kuwafuata walio wazima.

Damu husaidia, ila huongopea mwenye papara. Nyekundu angavu yenye povu imetoka mapafuni, mnyama hayuko mbali. Nyeusi kidogo inaweza kuwa ini, na inaweza kuwa msuli tu. Yenye majani yaliyosagwa na harufu kali ni ya tumbo, na huyo usimguse mapema: mwache saa nyingi, kwa kuwa akiinuliwa mara ya kwanza kutoka alipolala hatalala tena karibu. Na mara nyingi mshale uliozama huziba kidonda chake wenyewe, hakidondoki kitu. Ndiyo sababu mzee akifika mahali pa tukio huokota kwanza uti wa mshale kama umekatika. Damu iliyoupaka inamwambia chembe kimezama kiasi gani, na harufu yake inamwambia kimeingia wapi.

Njia ikipotea, choma kijiti kwenye unyayo wa mwisho ulio na hakika nao. Mtu mmoja abaki hapo. Mwingine azunguke mbali kidogo, nusu duara, akitafuta mahali njia inapotokeza tena. Wote watembee kando ya mstari wa nyayo, kamwe wasitembee juu yake. Kosa la kawaida ni watu watano kuingia pamoja kwa nia njema ya kusaidia, na baada ya dakika kumi alama zilizopo ni za makubazi yao. Mzee hatazami miguuni pake hata kidogo. Hutazama hatua kumi, ishirini mbele, hujiuliza mwenyewe angekuwa na maumivu hayo angepita wapi, kisha huenda kuhakikisha. Akikosea hurudi kwenye kijiti bila aibu. Nadhani hilo la kurudi bila aibu ndilo gumu kuliko yote kumfundisha kijana.

Kwa mnyama mkubwa aliyepigwa jioni, desturi ni kurudi kambini, kusema, na kutoka alfajiri na wenzako. Mikono mingi inahitajika kubeba, na macho mengi kukesha dhidi ya simba. Nyama iliyo karibu na kidonda cha sumu hukatwa na kutupwa, iliyobaki huliwa bila hofu. Wahadzabe wana majina mengine kabisa kwa mnyama aliyekwisha kuuawa: pundamilia aliye hai ni dongo, akishaanguka ni hantayii. Na sehemu fulani, moyo na figo zikiwemo, ni nyama ya epeme, ya wanaume waliokwisha kuingizwa katika mila hiyo, na huliwa faraghani. Kwa njia hiyo mzee ambaye hakurusha mshale siku hiyo bado ana fungu lake, na kijana ana sababu ya kutamani kuwa mmoja wao.

Usiku pia una wenyewe. Watafiti waliwavisha Wahadzabe 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, na katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Wazee hulala mapema na kuamka mapema, na wakati wengine wamezama wao wana masikio. Wanasikia simba wameua upande gani, na fisi wanagombana wapi. Asubuhi, tai wakianza kushuka upande huohuo, watu hutoka mbio kumnyang'anya simba mzoga. Katika miaka ya 1980 ilihesabiwa kwamba takribani mzoga mmoja kati ya mitano ya wanyama wakubwa walioletwa kambini ulipatikana hivyo. Tai wanaozunguka juu bila kushuka, hapo mwenye mali bado anakula. Subiri.

Mwisho wa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, uwindaji huhamia kwenye vizimba vya mawe au matawi kando ya visima, usiku, watu wawili wawili. Hapo sheria ni chache na hazina mjadala. Ingia kabla jua halijazama. Keti upande ambao upepo unatoka kwa maji kuja kwako. Usirushe mshale kwa kiumbe usichokitambua, kwani tembo na chui nao wana kiu.

Asali nayo ni shule ya wazee. Ndege segu, ambaye wao humwita tik'iliko, humwongoza mtu mpaka kwenye mzinga wa porini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mwindaji anayemfuata segu hupata mizinga kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 560, na mizinga hiyo huwa na asali nyingi zaidi. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji wana mguno wao wa aina nyingine, na segu wa kila upande huitikia zaidi sauti ya watu wa kwao. Maana yake ni kwamba ndege naye amefundishwa. Kijana humpoteza segu kwa sababu humtazama anaporuka, halafu anaponyamaza hudhani ameondoka. Mzee anajua kimya hicho: tumefika. Sasa mtazamo unahama kwa ndege kwenda kwa nyuki, ukielekea jua ili mbawa zao zing'ae, na sikio linawekwa kwenye shina.

Mbuyu hupandwa kwa vigingi. Huchongwa mti mgumu, hupigwa kwa kichwa cha shoka kwenye shina laini, kimoja juu ya kingine, na mpandaji ameshika kijinga cha moto kinachotoa moshi. Vya msimu uliopita huonekana vizima huku vimeoza ndani. Wazee huvigonga vyote upya au kupigilia vingine vipya kando yao, na ni juu ya hili tu nimesikia wakisifiwa kwa kukaripia. Kuanguka kutoka mbuyuni huua watu wazima wenye afya.

Lazima niseme pia ambacho wazee hawafundishi. Mtoto wa kiume hupata upinde wake mdogo akiwa na miaka mitatu au minne, na mengi ya mwanzo, panya, ndege, pimbi kwenye miamba, huyajua kwa watoto wenzake waliomzidi kidogo. Mzee anaingia baadaye, kijana anapojua kupiga lakini hajui kungoja. Kwa hiyo anayemwendea mzee asimwombe amfundishe kuwinda, swali hilo halina mlango. Mpelekee mshale wako uliopinda na ukae. Muulize juu ya mnyama mmoja, siku moja: yule tandala aliyepotea, alipotelea wapi, na sasa unadhani alikwenda wapi? Wazee hukumbuka waliopotea kuliko waliopatikana, na katika kupotea ndimo sababu zilimo. Njiani tembea nyuma yake, usimpite. Akisimama, simama, na usiulize kwa nini mpaka aanze tena kutembea. Jina la mti liandike kwa Kihadzabe alivyolitamka, pamoja na mahali na mwezi. Jina peke yake halitakusaidia.

Na fahamu sheria ya nchi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na maarifa haya hayampi mgeni ruhusa ya kuingia porini na upinde. Anayefuata nyayo kwa ajili ya kuhesabu wanyama, kuongoza wageni au kulinda mifugo anayahitaji vilevile, na mzee huyohuyo anamfaa.

Haraka inayohitajika ipo kwenye jambo moja. Mwaka 2011 sehemu ya ardhi ya Wahadzabe huko Yaeda ilipata hati ya kimila, na hilo limewasaidia sana. Lakini mashamba ya vitunguu Mangola na mifugo bondeni vimechukua vingi vya visima ambavyo wanyama walinywa. Mzee anapoeleza pa kuvizia, anaeleza kisima. Kisima kikishazungushiwa seng'enge, somo lote la usiku ule, upepo wake, mahali pa kizimba, saa za tandala kufika, linabaki bila mahali pa kukaa. Kwa hiyo mtu akiwa na siku moja tu ya kukaa na mzee, aache upinde, aache sumu. Amwombe amtajie visima vyote vya kiangazi, kimoja kimoja kwa mpangilio wa kutembea, na kila kimoja upepo wake wa jioni unatoka wapi.